Ponti ya Pikapu ya Zamani: Hesabu Meno Kabla ya Kubadilisha

Ndugu mtumikaji, wewe unayeendesha pikapu kila siku, wewe unayefanya kazi katika garaji, na wewe pia uliyenunua motokari kuukuu kwa akiba yako ili bibi afanye biashara ya unga na samaki: ukurasa huu wa leo ni wako.

Kila mwaka, mvua ikikwisha na barabara ikikauka, mashofere wanakuja garajini na ombi lile lile. Mmoja anasema: « Mzee, motokari yangu inalia sana barabarani na haina mbio. Kuna ponti ingine kule katika vyuma vikuukuu. Unifungie ile. » Kisha mwezi wa novemba mvua inarudi, matope yanajaa, na shofere mwingine anakuja: « Mzee, motokari yangu haina nguvu, inashindwa kupanda. » Mara nyingine tukitazama namba yake, tunakuta ni motokari ile ile ambayo ilifungwa ponti ya mbio wakati wa jua!

Basi, ponti inachaguliwa namna gani? Na sababu gani tunaandika habari hii katika ukurasa wa usalama, si katika ukurasa wa mafundi? Soma hata mwisho, utaona.

PONTI INAFANYA KAZI GANI?

Chini ya pikapu, kati ya mapine mawili ya nyuma, kuna tumbo la chuma. Ndani yake mna vyuma viwili vyenye meno. Kile kidogo ni pinyoni, nacho kinazungushwa na karadani inayotoka mbele. Kile kikubwa ni kuroni, nacho kinazungusha mapine. Katika Land Cruiser nyingi za zamani pinyoni ina meno 9 na kuroni ina meno 37. Gawanya 37 kwa 9, unapata 4,11. Maana yake: karadani inazunguka mara nne na kidogo, pine linazunguka mara moja tu. Land Cruiser nyingine za miaka ya 1980 zilitoka na pinyoni ya meno 10 na kuroni ile ile ya meno 37: hiyo ni 3,70. Jino moja tu la tofauti, na utaona linaleta mambo gani.

Hapa watu wengi wanapotea. Wanafikiri namba kubwa ni mbio kubwa. Hapana, ni kinyume. Namba kubwa ni nguvu, namba ndogo ni mbio. Fikiri kinga mbili, moja ina mnyororo uliofungwa kwa kupanda mlima, nyingine kwa kukimbia. Yule wa kinga ya mlima anakanyaga mara nyingi na anaenda polepole, lakini anapanda na gunia lake la makala. Yule wa kinga ya mbio anakanyaga mara chache na anaenda upesi, lakini akifika mlimani anashuka na kusukuma kwa mikono. Moteri yako haiwezi kushuka na kusukuma. Inachemka, inatoa moshi mweusi, na ambreyaje inaungua.

Katika garaji tunasema « ponti ya nguvu » na « ponti ya mbio ». Tuyashike maneno hayo, maana kila mtu anayafahamu.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Chukua pikapu Land Cruiser HZJ75, ile iliyotengenezwa toka 1990 hata 1999, yenye moteri ya mazutu 1HZ ya litri 4,2, bila turbo. Mara nyingi ilitoka na ponti 4,11. Weka alama ya choko katika pine na katika udongo, sukuma motokari hata pine lizunguke mara moja kamili, kisha pima na metri. Kwa mapine ya 7.50-16 utapata kama metri 2,45. Usikubali namba ya mtu mwingine, pima mwenyewe, kwa sababu pine lililolika na pine jipya hayalingani, na mzigo nao unalikandamiza pine.

Ukienda kilometri 80 kwa saa, ni metri 1.333 kwa dakika. Gawanya kwa 2,45: pine linazunguka mara 544 kwa dakika. Katika vitesi ya 4 moteri na karadani vinazunguka sawasawa, kwa hiyo 544 mara 4,11 ni 2.236. Moteri inazunguka mara 2.236 kwa dakika.

Sasa angalia jambo hili. Ile moteri 1HZ ina nguvu yake kubwa ya kuvuta kwa mizunguko 2.200. Waliotengeneza motokari hii hawakubahatisha! Kwa kilometri 80, katika vitesi ya 4, moteri iko mahali pake hasa pa kuvuta mzigo. Ukiingia vitesi ya 5 kwa mwendo uleule inashuka karibu 1.900. Hiyo yafaa katika tambarare.

Ukifunga ponti 3,70, moteri itazunguka mara 2.013 tu katika vitesi ya 4, na katika ya 5 mara 1.700. Mbele ya kilima kidogo, na vitu nyuma, utarudi vitesi ya 4, kisha ya 3. Ulitaka kupunguza mlio wa moteri na mazutu. Umepata kazi ya kubadilisha vitesi siku nzima, na mazutu yanakwenda vilevile.

Tena kumbuka mahali tunapoishi. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa metri zaidi ya 1.200, na Kolwezi kwa metri zaidi ya 1.400. Hewa yetu ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa kila metri 1.000. Mtu wa Moanda, karibu na bahari, anaweza kusifu ponti yake ya mbio na awe anasema kweli. Ukiiga kwake, hapa kwetu utaumia.

MAPINE MAKUBWA

Ponti yaweza kubadilika bila mtu kuigusa. Namna gani? Kwa kufunga mapine makubwa. Vijana wanapenda sana mapine makubwa, yanapendeza macho. Lakini pine kubwa linafanya kazi sawa na ponti ya mbio: kila mzunguko unapeleka motokari mbali zaidi.

Mfano ni Toyota Hilux ya zamani yenye magurudumu manne ya kuvuta. Mapine yake ya 225/75 R15 yana upana wa santimetri 72 toka juu hata chini. Mtu anafunga mapine ya santimetri 79. Ponti yake ilikuwa 4,10. Ili arudishe nguvu aliyokuwa nayo, anazidisha 4,10 kwa 79, kisha anagawanya kwa 72. Anapata 4,50. Ponti ya 4,50 haiko, lakini kwa Hilux zile ziko 4,30, na 4,56 yenye meno 41 na 9, na 4,88 yenye meno 39 na 8. Atachukua 4,56. Kama anabeba mzigo mzito kila siku katika njia mbaya, 4,88 si makosa, lakini ajue kwamba katika lami moteri itapiga kelele, na kelele ya siku nzima inachosha kichwa na kuharibu masikio. Mimi, kama ningeulizwa, ningemwambia arudishe mapine yake ya kwanza na kuacha ponti kama ilivyo. Ni bei ndogo, na hakuna kitu cha kufungua.

KUSHUKA NI KUGUMU KULIKO KUPANDA

Mashofere wote wanafikiri ponti wakati wa kupanda. Ni wachache wanaoifikiri wakati wa kushuka, na ni pale watu wanapokufa.

Pikapu yenye mzigo ina uzito wa kilo 3.000, tuseme. Katika njia ya kariere inayoshuka metri 10 kwa kila metri 100, kilo 300 zinaivuta chini bila kuchoka. Ikishuka hata chini, metri 100 za kina, kazi yote ile lazima igeuke moto mahali fulani. Moto huo ungeweza kuchemsha zaidi ya litri 8 za maji ya baridi. Ukishuka kwa freni peke yake, moto wote unaingia katika matamburi na garnitiri zako. Zinaungua, zinanuka, mwishoni unakanyaga na mguu unafika chini lakini motokari haisimami.

Ndiyo maana tunashuka na vitesi ndogo, ili moteri izuie. Lakini moteri inazuia kwa kupitia ponti! Ponti ya nguvu inazidisha uzuizi ule, ponti ya mbio inaupunguza. Toka 4,11 kwenda 3,70 unapoteza sehemu moja kwa kumi ya uzuizi wa moteri katika kila vitesi. Katika Land Rover ni zaidi. Land Rover Series III, iliyotengenezwa toka 1971 hata 1985, ilitoka na ponti 4,7. Watu wengi wanachukua ponti 3,54 ya Range Rover, maana inaingia. Ni kweli inaingia, na katika lami motokari inapumua vizuri: palepale ilipokwenda kilometri 60, kwa mizunguko ileile inakwenda karibu 80. Lakini umetupa robo nzima ya uzuizi wa moteri, na matamburi ya freni yamebaki yaleyale ya zamani. Ukitaka ponti hiyo kwa motokari inayokwenda Likasi na kurudi bila mzigo, vema. Kwa motokari inayoshuka katika kariere, hapana.

NILIYOYAONA

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika garaji ya kampuni moja ya machimbo. Tulikuwa na pikapu moja iliyovunjika meno ya ponti ya nyuma. Katika vyuma vikuukuu mlikuwa ponti nzima, nzuri, ya motokari ya namna ileile. Mimi na mwenzangu tuliifunga kwa siku moja. Nilipozungusha karadani kwa mkono niliona inazunguka upesi kupata pine, si kama ile ya mbele. Nikamwambia shefu wa garaji: « Shefu, hizi mbili hazilingani. » Akanijibu: « Shofere hatumii krabo wakati wa jua. Ya mbele tutaibadilisha baadaye. » Nikanyamaza. Katika kitabu cha motokari sikuandika kitu.

Miezi ikapita. Ile ya mbele haikubadilishwa, na shefu yule akahamishwa. Shofere alifurahi na motokari yake, ilikuwa na mbio.

Mvua ikaja. Asubuhi moja shofere, katika kushuka, aliona matope juu ya njia, akaweka krabo. Alifanya vile alivyofundishwa, hakukosa hata kidogo. Lakini sikiliza kilichotokea chini. Ponti ya nyuma 3,70, ponti ya mbele 4,11. Krabo inafunga karadani mbili pamoja, zinazunguka sawasawa. Kwa hiyo katika kila metri 10 mapine ya nyuma yanataka kwenda metri 10, na ya mbele yanataka kwenda metri 9. Ile metri moja lazima pine liteleze. Katika matope liliteleza, shofere akasikia tu usukani ni mzito. Alipofika chini kidogo, njia ikawa ya mawe makavu. Pale pine halitelezi. Vyuma vikaanza kujisokota kama kamba inayokamuliwa.

Alisikia mlio, akavuta levye kuondoa krabo. Levye ikakataa, maana vyuma vilikuwa vinavutana. Akavuta tena. Palepale kukawa mshindo: fito ya chuma inayozungusha pine la nyuma ilikuwa imekatika. Vyuma vikalegea, na levye ikatoka kwa ghafula katika mkono wake.

Sasa fikiri, wewe msomaji, motokari ile ilibaki na nini? Krabo imetoka, kwa hiyo moteri haizuii tena mapine ya mbele. Fito ya nyuma imekatika, kwa hiyo moteri haizuii tena mapine ya nyuma. Akavuta freni ya mkono: haikushika, na tutasema sababu gani. Freni ya mguu ilikuwa imekwisha kupata moto. Shofere alikuwa mtu mwenye akili, akaiegemeza motokari katika ukingo wa udongo wa upande wa mlima. Ikalala ubavu. Yeye alitoka na michubuko. Mwenzetu mmoja aliyekaa nyuma, juu ya mifuko, alivunjika mguu mahali pawili, akakaa hospitali wiki nyingi, na hakurudi tena kazi yake ya kwanza. Mimi nilikwenda kumwona. Alinipa mkono, akaniuliza habari za garaji. Hakujua kwamba ni mimi niliyekaza mabulo ya ponti ile. Nilimwambia siku nyingine, baadaye.

Basi, kama motokari ina magurudumu manne ya kuvuta, ponti mbili ziwe na hesabu moja. Ukibadilisha ya nyuma, badilisha ya mbele siku ileile. Kama ya mbele haijapatikana, motokari ikae garajini. Ikiwa lazima itoke, basi karadani ya mbele iondolewe kabisa, jambo liandikwe katika kitabu, na motokari isipelekwe katika kariere. Neno « shofere hatatumia krabo » si ufunguo wa bulo, halikazi kitu.

FRENI YA MKONO INADANGANYA

Katika Land Rover, na katika Land Cruiser nyingi za kale, freni ya mkono haishiki mapine. Inashika karadani ya nyuma, pale inapotoka katika bwati ya transferi. Kama fito ya pine imekatika, freni ile inashika karadani ambayo haina tena kazi na mapine. Ndiyo iliyompata shofere wetu.

Kuna hatari nyingine ileile, na hiyo iko garajini kila siku. Ukiinua pine moja la nyuma kwa kriki, karadani ikiwa imeshikwa na freni ya mkono, lile pine la hewani linaweza kuzunguka kinyume, na lile la chini linaweza kuviringika mbele. Motokari inatembea na freni ya mkono imevutwa hata mwisho! Nimeona motokari ikishuka polepole toka juu ya kriki yake namna hiyo, na fundi akitoka chini kwa magoti. Freni ya mkono si kabari. Usiitegemee.

KUHESABU BILA KUFUNGUA

Kibao cha chuma chini ya kapo ya Toyota kina alama za ponti, na mtu wa magazini anaweza kuzisoma. Lakini kibao kinasema motokari ilizaliwa namna gani. Hakisemi nani aliifungua katika miaka 30 iliyopita. Hesabu mwenyewe. Kazi hii ni ya dakika 15.

Peleka motokari mahali pa tambarare na pagumu. Zima moteri na utie ufunguo katika mfuko wako. Weka kabari za mbao mbele na nyuma ya kila pine litakalobaki chini. Inua pine moja la nyuma kwa kriki iliyosimama juu ya ubao mgumu, kisha weka mguu wa chuma chini ya ponti na uishushe motokari juu yake. Kriki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Sasa tu ndipo unalegeza freni ya mkono, na levye za vitesi na krabo zisishike kitu.

Piga alama ya choko juu ya pine na juu ya karadani. Wewe zungusha pine, mwenzako ahesabu karadani toka pembeni, asilale chini. Kwa kuwa pine la pili limesimama, pine lako lazima lizunguke mara mbili ili kuroni izunguke mara moja. Kwa hiyo zungusha pine mara 20. Karadani ikizunguka mara 41, una 4,11. Ikizunguka mara 37, una 3,70. Katika Land Rover mara 47 ni 4,7, na mara 35 na nusu hivi ni 3,54. Ukizungusha mara mbili tu, kama wengi wanavyofanya, tofauti ni ndogo mno na jicho linakosea. Kama pine la hewani halikubali kuzunguka peke yake, ponti ina blokaji. Hapo inua mapine yote mawili juu ya miguu ya chuma, zungusha mara 10, hesabu ni zilezile. Usijaribu kamwe kuzungusha kwa moteri.

Kisha fanya vilevile mbele. Hiyo ndiyo kazi ambayo watu wanaiacha.

SIKU YA KUFUNGA

Kuroni na pinyoni ni kama mume na bibi: zimesagwa pamoja katika kiwanda na namba yao ni moja. Usichukue kuroni ya huku na pinyoni ya kule, hata kama meno yanalingana. Nafasi kati ya meno ni chini ya robo ya milimetri na inapimwa kwa kipimo cha saa, si kwa kidole wala kwa sikio. Kama garaji yenu haina kipimo hicho, afadhali mfunge tumbo zima lililokwisha kupimwa.

Tumbo lile lina kilo zaidi ya 30, na liko mahali pa kuinama. Muwe wawili, au mtumie kriki ya chini. Mgongo ulioharibika hauna piesi katika magazini.

Ukifungua matamburi, usipulize vumbi kwa hewa ya kompresa. Garnitiri nyingi za kale zilitiwa amianto, na vumbi lake likiingia katika mapafu linakaa humo miaka na miaka kabla ugonjwa haujaonekana. Pangusa na kitambaa kilicholowa maji, kisha kitupe ndani ya mfuko uliofungwa. Mafuta ya zamani ya ponti yasikae katika ngozi yako, na usinawe kwa esansi. Sabuni inatosha.

Mafuta mapya yawe ya ponti yenye meno ya aina hii, yaliyoandikwa GL-5, unene wa 80W-90 au 90. Mafuta ya moteri yanakwangua meno kwa muda mfupi. Safari ya kwanza iwe ya kilometri 20 au 30, bila mzigo, kisha simamisha na uache ponti ipoe. Kwa kilometri 800 za kwanza usivute kitu kizito. Zikitimia, mwaga mafuta hayo na kutia mengine, na utazame kama kuna vipande vya chuma katika bulo ya chini. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa vidole si kawaida.

SAA YA MWENDO

Limebaki jambo moja, na shofere asipoambiwa hawezi kulijua. Katika pikapu hizi sindano ya mwendo inazungushwa toka bwati, mbele ya ponti. Haijui kwamba ponti imebadilika. Ukitoka 4,11 kwenda 3,70, sindano inasema 60 na wewe unakwenda karibu 67. Ukiongeza na mapine makubwa kwa sehemu moja kwa kumi, unakwenda 73. Katika Land Rover iliyofungwa 3,54 ni vibaya zaidi: kibao cha kariere kinasema 40, sindano inasema 40, shofere ana moyo safi, na motokari inakwenda 53. Kwa mwendo huo, njia inayohitajika ili freni ziisimamishe inaongezeka karibu robo tatu.

Ukiweza kupata pinyoni ndogo ya sindano inayolingana na ponti mpya, ifunge. Usipoipata, pima barabarani: katika lami tafuta vibao viwili vya kilometri, shika sindano kwenye 60, na mwenzako ahesabu sekondi. Zikiwa 60, sindano ni ya kweli. Zikiwa 54, unakwenda 67. Kisha chukua rangi nyeupe na uandike juu ya ubao mbele ya usukani, kwa herufi ambazo shofere wa zamu ya usiku ataziona: hesabu ya ponti ya nyuma, hesabu ya ponti ya mbele, tarehe ya kazi, na mwendo wa kweli sindano ikiwa kwenye 40 na kwenye 60. Maneno yaleyale uyaandike katika kitabu cha motokari, na chini yake utie jina lako.